Uliza Keshia: Pesa Imetoka Kwake, Mbona Kwangu Haijaingia?

Wasomaji wangu hamjambo. Barua za mwezi huu zimekuwa nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja, mtu amelipa ama amelipwa kwa simu ama kwa kadi, kitu kimekwama, akiuliza anarushiwa neno asilolielewa na hapo ndio mambo yanaishia, anarudi nyumbani na lile neno badala ya pesa yake. Mimi nilisimama nyuma ya kaunta ya supamaketi hapa Nakuru miaka tisa kabla nianze kuandika ukurasa huu, na haya maneno hakuna mtu alinifunza, niliyaokota moja moja na mengine yaliniuma. Kwa hivyo leo kila neno ntaliuliza maswali mawili: saa hii pesa iko kwa nani, na nani ako na uwezo wa kuirudisha.

*Keshia, Jumamosi nilinunua vitu vya 4,350 nikalipa na kadi, mashine ikakwama, msichana akasema imekataa nilipe tena. Nikalipa na M-Pesa. Kufika nyumbani naona kwa simu benki imenikata zile 4,350. Duka wanasema hawajaona kitu. Benki wanasema ati ni holdi nisubiri. Sasa holdi ni nini na pesa yangu iko wapi? — Mama wa watoto wawili, Free Area*

Pole sana mama. Pesa yako iko kwa benki yako, haijaenda popote, lakini imefungiwa.

Ukiweka kadi na pini, ile mashine ya PDQ inatuma swali kwa benki ya duka, benki ya duka inalipitisha kwa mtandao wa kadi, hao ni Visa ama Mastercard, alafu mtandao unauliza benki yako: huyu mtu ako na 4,350? Benki yako ikisema ndio, inatoa nambari fupi inaitwa nambari ya idhini, na hapo hapo inatenga hizo pesa ndio usizitumie kwingine kabla duka lije kuzidai. Huko kutenga ndiko wanaita holdi. Ndio maana kwa app ya benki utaona salio mbili, moja ya pesa yote iliyo kwa akaunti na ingine ya pesa unayoweza kutumia, na hio ya pili ndio imeshuka.

Kwako inaonekana benki ilisema ndio lakini jibu likapotelea njiani kabla lifike kwa kaunta. Mashine ikikaa bila jibu inafaa itume ujumbe mwingine wa kufuta ile idhini, na hio ndio rivasali. Rivasali ikifika, pesa inafunguliwa haraka. Isipofika, juu mtandao ulikuwa chini, holdi inakaa hadi muda wake uishe wenyewe, na hapo ni siku kadhaa kulingana na benki yako.

Usiulize benki "pesa yangu iko wapi", watakwambia subiri. Uliza hivi: je, hii ni idhini tu ama duka tayari limedai? Kama ni idhini tu, mwambie duka waandikie benki yao ombi la kuifuta, haraka zaidi kuliko kungoja. Kama imeshadaiwa na umelipa mara mbili, jaza fomu ya kupinga malipo kwa benki yako, na uambatanishe ile karatasi ya mashine na ujumbe wa M-Pesa. Karatasi ya mashine usiitupe, hata kama imeandikwa malipo yamekataliwa, hio ndio shahidi yako.

Hili jambo lako limenigusa kwa sababu nilishawahi kulifanya. Nikiwa mpya kazini stima ilipotea mama mmoja akiwa ametoka tu kuweka pini, alikuwa amenunulia mtoto vitu vya shule na anarudi Molo. Karatasi haikutoka. Nilikuwa nimefundishwa karatasi isipotoka mteja hajalipa, nikamwambia alipe tena, akanipa noti alizokuwa amefunga kwa leso, na hizo zilikuwa nauli yake. Jumatatu tukalinganisha hesabu tukapata ile ya kwanza ilikuwa imepita. Tulimrudishia, lakini baada ya siku nyingi, na mimi sijui siku ile alifika Molo aje. Makeshia mnaosoma hapa tafadhali, karatasi isipotoka maana yake ni kwamba hatujui, si kwamba hajalipa. Mashine nyingi ziko na menu ya kutoa nakala ya muamala wa mwisho, angalia hapo kwanza, ama pigia benki simu ukiwa na mteja mbele yako, hata kama foleni inanung'unika.

*Dada, niko na gesti ndogo Milimani, Kisumu. Ijumaa jioni wageni watatu walilipa na kadi, 8,000 kila mtu. Pesa imeingia Jumanne na si 24,000, ni 23,280. Kwa stetimenti kuna MDR, kuna batchi, kuna setilimenti. Ni nani amekula 720 zangu na kwa nini nilingoja siku nne? — Mwenye Gesti*

Dada yangu swali lako ndio limebeba mengine yote kwa hivyo nitakaa hapo kidogo.

Siku nne kwanza. Ile Ijumaa wageni wako walipoondoka na risiti wewe hukuwa na pesa, ulikuwa na idhini tatu, yaani ahadi tatu kutoka kwa benki tatu. Jioni unapofunga siku kwa mashine, hapo ndio zile idhini zote zinakusanywa kwa furushi moja linatumwa kwa benki yako, na furushi ndio batchi. Kama Ijumaa hukufunga siku, na wengi wanasahau, furushi lilienda Jumamosi ama Jumapili. Benki yako inalichambua, inapeleka madai kwa Visa ama Mastercard, wao wanapangia kila benki inadai nani ngapi, na hio ndio kliaringi. Baada ya hesabu kukubaliana, pesa yenyewe inasonga kutoka benki ya mgeni hadi benki yako na mwishowe kwa akaunti yako, na hapo tu ndio setilimenti. Kliaringi ni hesabu, setilimenti ni pesa. Mabenki hayalipani hizi hesabu wikendi, kwa hivyo Ijumaa jioni ni siku mbaya ya kuwa na haraka na pesa ya kadi, ukiwa na mtu wa nyama wa kulipa Jumamosi asubuhi mpangie kitu kingine.

Sasa 720. Hio ni asilimia 3 ya 24,000, na MDR ndio hicho kiwango, ada ambayo mwenye biashara anakatwa kwa kila malipo ya kadi. Haiendi kwa mtu mmoja. Sehemu kubwa kwa kawaida inachukuliwa na benki iliyompa mgeni kadi, hio wanaita intachenji, juu yeye ndio alibeba hatari ya kusema ndio. Sehemu ndogo inaenda kwa Visa ama Mastercard kwa kutumia barabara yao. Inayobaki ni ya benki yako iliyokupatia mashine. Kadi za kutoka nje ya nchi kwa kawaida zinakatwa zaidi ya za hapa, na gesti ya Kisumu inapata wageni wengi wa aina hio, kwa hivyo rudi kwa ule mkataba ulioweka sahihi uangalie kama viwango ni viwili. Unaweza pia kuomba kushushiwa, watu hawajui hii, lakini MDR ni bei kama bei ya nyanya, mwenye kupitisha pesa nyingi anasikizwa.

Kitu kimoja kwa vitabu vyako nakuomba usikosee: usiandike mauzo 23,280. Andika mauzo 24,000 na gharama ya kadi 720. Ukiandika ile iliyoingia tu, mwisho wa mwaka hutajua hio mashine imekula ngapi, na wanaokuletea mashine wanajua vizuri kwamba wengi hawajui.

Na kwa vile ni gesti, uliza benki yako kuhusu idhini ya mapema. Mgeni akifika unashikilia pesa ya siku tatu bila kuichukua, akiondoka unadai ile aliyotumia kweli. Lakini akishalipa lazima umalizie ile idhini ama uifute, usimwache mtu anarudi kwao na pesa yake imefungiwa kwa sababu yako. Rudi usome barua ya mama wa Free Area uone vile inakaa upande ule mwingine.

*Msichana wangu mimi nauza omena Kibuye. Mtoto wangu anasema nichukue tili, jirani anasema Pochi, wa sako wanasema Paybill. Mimi natumiwa tu kwa namba yangu na mara mbili mtu amechukua omena alafu pesa ikashikwa. Tofauti ni gani? — Mama Omena*

Mama, mtu akikutumia kwa namba yako ya kawaida, kwa macho ya M-Pesa yeye ni kama shangazi anayekutumia pesa ya sukari. Haijulikani ni biashara. Akifika mbele anatuma ule ujumbe kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa irudishwe, akisema alikosea namba, na kama pesa bado iko kwako inaweza kushikiliwa wakiuliza. Hio ndio rivasali ya simu. Iliwekwa kwa nia nzuri kabisa, kwa watu wanaokosea namba kweli, na wezi wakaigeuza.

Tili ni namba ya biashara. Mteja anaenda Lipa na M-Pesa, Buy Goods, anaandika tili yako, kiasi, pini, basi. Hahitaji kuandika kitu kingine. Pesa inakaa kwa tili mbali na pesa yako ya nyumbani, na kwa vile ni malipo ya bidhaa, mteja anayetaka kurudishiwa anaanza na wewe mwenye mali.

Paybill inaulizia vitu viwili, namba ya biashara na namba ya akaunti. Hio ya pili ndio maana yake yote. Shule inatumia Paybill ndio ijue hii karo ni ya mtoto gani, kampuni ya maji ijue ni mita gani, sako ijue ni mwanachama gani. Wewe ukipima gorogoro ya omena huna haja ya kujua mnunuzi ako na akaunti namba ngapi, kwa hivyo Paybill hapana.

Pochi la Biashara ni ya mtu kama wewe haswa, inatumia laini yako hio hio lakini inatenga pesa ya biashara na ya nyumbani, na hauitaji makaratasi mengi. Mimi kwa maoni yangu anza na Pochi, siku utaajiri mtu wa kukukalia kibandani chukua tili, kwa sababu tili unaweza kumpa msaidizi aone malipo bila kushika simu yako na pini yako. Na chochote utachagua, bandika namba kwa kibao kikubwa, mteja akimaliza kuandika mwambie akusomee jina lililotokea kabla aweke pini.

*Keshia niko na pikipiki Kondele. Abiria alinionyesha ujumbe wa M-Pesa ameshatuma 600, nikaona iko, kumbe hakuna kitu. Ujumbe wa uongo unatambulika aje? — Bodaboda*

Ndugu, ujumbe kwa simu yake haukuhusu hata kidogo. Unaohusu ni ule umeingia kwa simu yako, kutoka kwa jina MPESA, si kutoka kwa namba ya kawaida ya 07, na hata huo usiuamini zaidi ya salio lako. Angalia salio. Ni sekunde chache.

Nikupe na hii lakini usiitegemee peke yake. Ile namba ya muamala mwanzo wa ujumbe iko na herufi na tarakimu 10, na haziji ovyo. Herufi ya kwanza inahesabu mwaka: za 2023 zilianza na R, za 2024 na S, za 2025 na T. Ya pili ni mwezi, A ni Januari, B ni Februari, hadi L ambayo ni Desemba. Kwa hivyo mtu akikuonyesha namba ya kuanza na SC na anasema ametuma leo, na wewe unajua SC ni Machi 2024, hio ni ujumbe wa zamani umefanyiwa ukarabati. Mwizi mjanja anaweza kuipanga vizuri pia, ndio maana nakwambia salio.

Na kitu cha karibu na hicho, ile menu inajitokeza yenyewe kwa simu ikikuuliza pini wanaita STK pushi. Ni duka ama app inakuomba kulipa. Ikitokea na hukuwa unanunua kitu, bonyeza kukataa. Kwa menu kama hio pini inatoa pesa siku zote, hakuna siku pini ilipokea pesa.

*Dada Keshia, natengeneza viatu vya ngozi hapa Nakuru na nauza hadi nje kwa intaneti. Mteja wa Marekani alinunua jozi mbili, akalipa na kadi, nikatuma. Baada ya miezi miwili na kitu pesa imetolewa kwa akaunti yangu pamoja na faini, wanaita chajibaki. Sikuulizwa. Hii ni wizi? — Fundi Viatu*

Fundi nimesoma barua yako mara tatu. Jozi mbili za viatu vya mkono ni wiki ya mtu.

Wengi wanachanganya maneno manne hapa. Kuna kufuta muamala kabla batchi haijatumwa, wanaita voidi, pesa haikuwa imesonga kwa hivyo hakuna anayeumia. Kuna rifandi, pesa ilikuwa imekufikia na wewe mwenyewe unaamua kuirudisha. Kuna rivasali, mashine ama mfumo unajirekebisha baada ya hitilafu. Na kuna chajibaki, ambayo hio ni mteja kupita juu ya kichwa chako, anaenda kwa benki yake anasema sikupata mzigo, ama si mimi niliyelipa, benki yake inadai kupitia Visa ama Mastercard, na benki yako inakukata kwanza alafu inakuuliza baadaye. Kwa hizo tatu za kwanza wewe ama mashine mnajua. Kwa hii ya nne unajua ukishakatwa.

Si wizi, ni haki ambayo mwenye kadi amepewa, na siku nyingine itakuwa wewe umenunua ngozi mahali na haijafika na utaishukuru. Kwa aina nyingi za malalamiko mteja ako na hadi siku 120 za kulalamika, ndio maana miezi miwili haikumzuia. Lakini na wewe uko na haki ya kujibu, na hapo ndio watu wa kwetu wanapoteza kwa sababu wanakasirika wananyamaza. Ile notisi uliyopata iko na tarehe ya mwisho. Kabla ifike, tuma oda yake, anwani aliyoandika yeye mwenyewe, risiti ya kutuma mzigo, namba ya kufuatilia inayoonyesha umepokelewa, na mazungumzo yenu yote. Angalia pia kile kifupi cha sababu kilichoandikwa kwa notisi. Kama sababu ni "sikupokea", thibitisha kupokewa. Kama ni "si mimi", thibitisha ni yeye. Watu wanatuma picha nzuri za viatu kujibu mtu aliyesema hakupokea, na wanashindwa.

Kuna kinga moja nataka uulizie kwa hao wenye geitiwei yako. Geitiwei, kwa lugha rahisi, ni ule mlango kwa tovuti yako ambao mteja anaandikia kadi, na prosesa ni yule aliye nyuma ya mlango anayebeba maombi kwenda kwa mabenki, mara nyingi ni kampuni moja inafanya zote mbili. Waulize kama 3-D Secure imewashwa. Ni ile hatua ya mteja kutumiwa namba ya siri ya mara moja na benki yake kabla malipo yapite. Ikiwa imewashwa na mteja akathibitisha, baadaye akisema "si mimi niliyelipa", hasara kwa kawaida inahamia kwa benki yake badala yako. Haikulindi na "sikupokea", hapo ni risiti ya mzigo tu.

Na tafadhali sana, umeandika huko chini kwamba wateja wengine wanakutumia namba za kadi na zile tarakimu tatu za nyuma kwa WhatsApp na wewe unazihifadhi kwa daftari. Choma hilo daftari leo. Zile tatu za nyuma ndio CVV, na sheria za usalama wa kadi, PCI DSS, ambazo toleo la kwanza lilitoka 2004, zinakataza mtu yeyote kuzihifadhi baada ya idhini kupita, hata kampuni kubwa. Geitiwei ikitaka kukumbuka mteja inahifadhi tokeni, yaani namba ya bandia inayosimama mahali pa ile ya kweli, mwizi akiiba tokeni hawezi kwenda nayo popote. Daftari lako likiibiwa ni kadi zenyewe zimeibiwa, na jina litakalotajwa ni lako.

*Nasoma Masinde Muliro, Kakamega. Nikikosea tarakimu moja ya kadi kwa tovuti inakataa hapo hapo hata nikiwa nimezima data. Imejuaje bila kuuliza benki? — Mwanafunzi*

Umefanya jaribio zuri, kuzima data. Tarakimu ya mwisho ya kadi si ya bahati, imehesabiwa kutoka kwa zile zingine, kwa njia ya Hans Peter Luhn wa IBM aliyepata hataza yake 1960. Chukua namba ya majaribio wanayotumia watengeneza tovuti, 4111 1111 1111 1111. Kwa kadi ya tarakimu 16, anzia kushoto, ya kwanza zidisha mara mbili, ya pili iache, ya tatu zidisha, ya nne iache, hadi mwisho. Ikizidi 9 toa 9. Hapa 4 inakuwa 8, kuna moja saba zinakuwa mbili mbili jumla 14, na moja nane zilizoachwa ni 8. Jumla 30. Inagawanyika na 10 kwa hivyo inapita. Badilisha tarakimu yoyote moja jumla inaharibika, na simu yako inaweza kupiga hio hesabu bila mtu. Lakini kupita Luhn haimaanishi kadi ipo wala iko na pesa, inamaanisha tu haukukosea kuandika. Tarakimu ya kwanza nayo inasema ukoo, 4 ni Visa.

*Niko Busia, navuka Uganda kununua mali. Nikilipa na kadi yangu ya Kenya mashine inaniuliza nilipe kwa shilingi ya Uganda ama ya Kenya. Nichague gani? — Mfanyabiashara*

Ya Uganda. Ukichagua ya Kenya, mwenye mashine upande ule ndio anakubadilishia pesa kwa bei yake na anajiwekea faida juu. Ukichagua ya Uganda inabadilishwa kupitia mtandao wa kadi na benki yako, na kwa kawaida inakuwa nafuu. Na kama anayeuza amekubonyezea kabla uchague, mwambie afute aanze upya, uko na haki hio.

*Mwanangu, mimi ni mwenyekiti wa chama karibu na Chwele, Bungoma. Tunanunua shamba la 1,200,000. Tulipeleka hundi ikakataliwa, wakasema tufanye RTGS. Kijana mmoja wa chama anasema PesaLink ni rahisi, mwingine anasema EFT. Tufuate nani? — Mwenyekiti*

Mzee wangu salamu nyingi. Fuateni benki. Tangu Oktoba 2009 hundi na EFT za zaidi ya milioni moja haziruhusiwi kupita kwa kliaringi ya mabenki, lazima zipite RTGS, na PesaLink nayo mwisho wake kwa muamala mmoja ni 999,999. Hio 1,200,000 imevuka.

Tofauti yake iko hivi. EFT inabebwa kwa furushi pamoja na za watu wengine, mabenki yanalinganisha mwisho nani anadai nani, alafu tofauti ndio inalipwa, na inachukua muda. PesaLink, iliyoanza 2017 chini ya chama cha mabenki, inapeleka pesa kutoka benki hadi benki hapo kwa hapo hata usiku na wikendi, mzuri sana kwa michango yenu ya kila mwezi. RTGS inapita kwa mfumo wa Benki Kuu yenyewe unaoitwa KEPSS, ulioanza Julai 2005, na kila malipo yanakamilishwa peke yake, yote, hayangoji wenzake.

Nimewauliza wasomaji wengine wote leo nani anaweza kuirudisha pesa. Kwa RTGS jibu ni hakuna. Ikishakamilishwa Benki Kuu imekwisha, hakuna 456, hakuna chajibaki, kilichobaki ni kumwomba aliyepokea ama kwenda kortini. Wauzaji wa ardhi wanaipenda kwa sababu hio, na kwa sababu hio hio nyinyi wanunuzi mnafaa kutembea polepole. Sachi ya ardhi, yaani kuangalia kwa ofisi ya ardhi shamba ni la nani, ifanywe na nyinyi wenyewe, si na muuzaji, na iwe ya wiki hio. Jina kwa akaunti ya benki liwe ni lile lile liko kwa hati, si la ndugu yake wala la wakala. Siku ya kulipa waende wawekaji sahihi wote watatu asubuhi, kila mmoja asome namba ya akaunti kwa sauti kutoka kwa fomu, na muitishe nakala yenye muhuri na namba ya kumbukumbu ya malipo kabla mtoke kwa mlango wa benki.